Stata Mpya Iliyopakwa Oili Chafu

Dada yangu,

Mwanao huyu ninayemnyonyesha hajambo, ameanza kutambaa. Lile gari letu kuukuu la dizeli bado linawashwa kwa kusukumwa, au ndivyo anavyojua shemeji yako. Tangu stata ife, kila nikimwomba tununue nyingine anacheka: "Bila mimi nyuma, utakwenda wapi?"

Juzi akiwa kazini nikamwita fundi. Alichomoa waya wa betri, akajilaza chini ya gari, akafungua stata mbovu na kufunga mpya. Nilipogeuza ufunguo injini iliwaka papo hapo. Nikaizima upesi, majirani wasisikie. Kisha nikaipaka stata oili chafu na vumbi.

"Mama, kitu kipya unakichafulia nini?"

"Mume wangu hapendi vinavyong'aa."

Leo asubuhi alisukuma tena, jasho likimtiririka. Nilishika usukani, nikiogopa ufunguo usije ukazunguka zaidi kidogo, akasikia.

Usinijibu, maana barua zinazonijia huzifungua yeye kwanza. Ila Ijumaa geti lako usilifunge. Nitakuja na mwanao, na nyuma ya gari hatakuwepo mtu.

Mdogo wako