Kijiji cha Ubao

Mbagala,
11 Februari 1973

Dada Yustina,

Shikamoo. Mie mzima, kile kifua cha mwaka jana kimenyamaza. Sijui nyie huko Namalowe. Shemeji Albano bado anachonga, au mpingo umemshinda? Na ile hali uliyonidokeza Krismasi, bado imeshika? Nijibu kwanza hilo, mengine baadaye.

Sasa nikuchekeshe. Watoto wangu wa darasa la tano, siasa inawapa usingizi. Nikisema kijiji cha ujamaa, wananitazama kama nasoma misa ya Kilatini. Basi nikachukua ubao wa sanduku la chai, nikachora kijiji kwa rangi: barabara, shule, zahanati, duka la ushirika, shamba la pamoja. Watu ni komwe, kama zile tulizokuwa tukichezea uani. Kwenye kibuyu kuna vikaratasi: mvua nzuri, nguruwe pori, wageni kutoka wilayani. Mtoto anachomoa, anasoma kwa sauti, halafu wote wanaamua nani aende wapi na wapande nini. Na kabla ya kuchomoa lazima aseme "naja", kama ulivyonifundisha wewe tulipokuwa tukicheza uani. Dada, siku hizi hawataki hata kengele ilie. Wanagombania mbegu kama wazee wa baraza.

Mkaguzi alikuja, akakaa chini sakafuni, akacheza. Baadaye akarudi na bwana mmoja anaitwa Gregori, wa chuo kinachofundisha makatibu wa vijiji. Huyo anasema Ulaya mchezo wa namna hii wanaucheza kwa mashine inaitwa kompyuta, kubwa kama kabati la sakristia. Unaiambia watu wangapi, mvua kiasi gani, nayo inakujibu kama watashiba. Sie kwetu ubao utatosha, kasema, na anautaka kwa ajili ya chuo chake. Ungeniona nilivyotembea siku ile, ungenicheka.

Mdogo wako,
Marselino


Namalowe,
6 Machi 1973

Mdogo wangu Marselino,

Marahaba, baba. Sie tunamshukuru Mungu. Albano yuko na mpingo wake, wanagombana kama kawaida. Na hali imeshika. Inacheza hasa nikiinama kufagia. Zile mbili zilizotangulia unajua zilitoka wapi: kwenye mteremko wa bondeni, mtungi kichwani. Ndiyo maana Albano kanijengea hapa ukingoni mwa bonde, karibu na chemchemi. Nikitoka mlangoni nimefika. Wenzangu wa huko juu wanaondoka jogoo la kwanza, wanarudi jua limeshakuwa kali. Akizaliwa wa kiume atakuwa somo yako. Tumeshakubaliana.

Barua yako nimeisoma, nikairudia. Nimefurahi. Lakini nina swali, na usinikasirikie. Katika hicho kijiji chako, maji yako wapi? Shule nimeiona, zahanati nimeiona, duka nimeliona. Hata wageni wa wilayani umewakumbuka. Wakifika wanakunywa nini?

Najua ulivyosahau. Wewe ulikuwa ukiamka unakuta mtungi umejaa. Mama alipofariki nilikuwa natoka giza, narudi wewe hata hujafumbua macho. Mwanamume wa kwetu, hata asome mpaka Ulaya, maji kwake ni kitu kinachokaa mtungini. Sikulaumu, nilikulea mie mwenyewe. Ila rekebisha kabla wakubwa hawajauchukua.

Dada yako,
Yustina


Temeke,
8 Aprili 1973

Dada mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi mno kwamba hali imeshika. Huyo somo yangu mwambie asiwe mvivu kama mimi. Mie niko salama, ila utaona hapo juu nimehama. Ngoja nikueleze.

Barua yako nilicheka mpaka Bi Hamisa, mama mwenye nyumba, akaja kuniuliza kulikoni. Nilipomweleza, yeye hakucheka. Akanionyesha mtungi wangu. Hata kule Mbagala alikuwepo mzee akipita na mzega, ndoo mbili begani, akinijazia nikiwa shuleni, na mie sikuwahi kumuuliza anayatoa wapi.

Nikaenda kwa Bwana Gregori. Ubao wangu walishauchukua na kuutolea nakala nyingi, lakini nilikwenda na sheria mpya: kila zamu, komwe za akina mama zitoke kwanza kwenda maji, na maji yakiwa mbali zichelewe kurudi. Tukacheza, yeye na wenzake. Kijiji cha barabarani kilikufa, dada. Shamba halikupaliliwa, ghala likakauka. Tulipokisogeza ukingoni mwa bonde, kikapona. Nilidhani watafurahi.

Gregori akasema, "Mwalimu, huu sasa unafundisha watu kushindwa. Maji yatakuja, yamo kwenye mpango." Akanipa nichague. Mchezo usio na maji, na mie niwe mkufunzi chuoni, au nibebe ubao wangu nirudi nao Mbagala.

Nimechagua Temeke, kilipo chuo. Nimepewa chumba kizuri, bomba liko uani. Usinifikirie vibaya. Ni mchezo tu, dada. Komwe hazina kiu.

Mdogo wako,
Marselino


Namalowe,
19 Mei 1973

Marselino,

Marahaba. Tupo. Mtoto yupo. Wewe hujambo na bomba lako?

Wamekuja. Vijana wanne wa chuo chenu na Landrova, na katika Landrova mlikuwa na ubao. Waliwakusanya watu uwanja wa kanisa, wakatandika mkeka, wakamwaga komwe. Yule kijana alipowaambia wazee waseme "naja" kabla ya kuchomoa, moyo ulinipasuka kwa furaha. Nilimshika jirani yangu Chausiku mkono, nikamwambia, mchezo huu ni wa mdogo wangu. Nilijisifu, Marselino. Siwezi kukuficha.

Wazee walicheza, wakashinda, wakacheka. Mvua ikanyesha, ghala likajaa. Halafu kijana akakunja mkeka akasema, basi mmeona wenyewe, nyumba zote ziende barabarani. Nikasimama na tumbo langu, nikamuuliza maji yako wapi katika ubao huo. Si mtu mbaya. Aliangalia karatasi yake ya sheria, akaigeuza na nyuma, akaniambia, "Mama, hayamo." Kama vile hilo ndilo jibu.

Tumepewa mpaka mwisho wa Juni. Albano kagoma, wameshamtisha kuezua paa. Kutoka barabarani mpaka chemchemi unaijua njia mwenyewe. Mie sina ninachotaka kikubwa. Nataka nibaki hapa ukingoni mpaka nijifungue, basi. Baada ya hapo nitakwenda wanakotaka. Wewe ndiye mwenye mchezo. Waambie, watakusikia.

Dada yako,
Yustina


Temeke,
15 Julai 1973

Dada yangu,

Shikamoo sana. Natumaini barua hii inakukuta palepale ukingoni. Najua nimechelewa. Najua.

Bwana Gregori alikuwa safarini, hiyo ni kweli. Lakini alirudi, na mie niliendelea kukaa. Nikiwa njiani nilikuwa na maneno yote, nikifika mlangoni kwake yananitoka. Niliogopa ataniuliza kwa nini mkufunzi wake anapinga anachokifundisha. Jana nimeingia nikalia mbele yake kama mtoto. Hakunifokea. Kaandika papo hapo, kapiga na muhuri.

Karatasi hiyo nimeiweka ndani ya bahasha. Inasema mama mjamzito Yustina aachwe mahali alipo mpaka ajifungue salama. Mpe katibu wa kijiji mkononi. Umeona, dada, walinisikia. Niandikie mara tu somo yangu atakapofika, nipeleke pombe kwa wenzangu.

Mdogo wako akupendaye,
Marselino


Namalowe Mpya,
2 Septemba 1973

Marselino,

Marahaba. Mie mzima. Albano mzima, ila hachongi.

Karatasi yako nimeipata juzi. Siku hizi barua hazipiti tena misheni, zinakuja ofisi ya kijiji hapa barabarani. Katibu alikuwa nayo siku nyingi, akinisubiri nipite. Anasema kila akiniulizia anaambiwa kaenda maji. Aliniomba radhi. Imeandikwa vizuri sana.

Paa waliliezua siku ya mwisho ya Juni, kama walivyosema. Tukahamia. Nilijaribu kunywa kidogo, kupika kidogo, Chausiku akawa ananigawia. Lakini na yeye ana wake, na mtu utaomba mpaka lini. Siku niliyokwenda mwenyewe nilishuka vizuri, nikajaza vizuri. Ni wakati wa kupanda kurudi, mtungi kichwani. Alikuwa wa kiume. Alilia kidogo, Marselino, nilimsikia, na Chausiku naye alimsikia, kwa hiyo si kwamba nilijidanganya. Tumemzika palepale kwenye mteremko, maana mama yake anapita kila siku. Jina lako tumempa. Nisingeweza kumzika bila jina.

Kisima bado kimo kwenye mpango.

Usiniandikie maneno ya kuomba msamaha, sitajua pa kuyaweka. Nikupe habari ya mchezo wako tu. Shuleni hapa wanao. Mwalimu kasikia mie ndiye dada yako, akaniita darasani niwaeleze watoto. Nikakaa nao sakafuni, nikasema "naja" walipotaka niseme. Kisha nikachukua komwe moja ubaoni, nikasimama, nikaenda kuiweka kule mlangoni, nje ya kizingiti. Nikawaambia, huyu kaenda maji.

Wakacheza mpaka kengele. Walivuna, wakajenga na zahanati. Walipomaliza waliokota komwe zote wakazitia mfukoni mwa mwalimu, na hakuna aliyekumbuka ile ya mlangoni.

Mie,
Yustina