Hageuki Akiitwa

Mjukuu wangu Zainabu,

Hapa Kasubi tu wazima, ila babu yako na goti lake. Unaniuliza kama usubiri, ati mwanao hageuki akiitwa lakini nesi amempima uzito akasema yuko sawa. Maneno hayo yamenichosha. Mjomba wako Idi naye, alipokuwa mdogo, kliniki walimsifia kilo zake mpaka kadi ikajaa. Hakuna aliyeuliza kama anasikia. Nami nilikuwa namchapa, nikidhani ni mkaidi. Siku moja mfuniko wa sufuria ulianguka nyuma yake, watoto wote wakaruka, yeye akaendelea kula. Alikuwa na miaka minne.

Mrudishe kesho, wampime masikio. Idi ameisoma barua hii, akachukua kalamu, akalipigia mstari neno "kesho".

Bibi yako