Sikuitwa Kukesha

Alhamisi, Kyuso. Joto limeanza mapema na macho yananiwasha kama yametiwa pilipili.

Shajara, leo nimemkatalia mama mchungaji, mbele ya kina mama wote wa ushirika.

Miaka miwili sasa silali zaidi ya masaa mawili kwa usiku. Ilianza nikimuuguza mamangu, nikimgeuza kitandani usiku kucha asipate vidonda. Tulimzika, lakini mwili wangu haukupata habari. Mpaka leo unaniamsha nimgeuze mtu ambaye hayupo.

Kosa langu ni kulisema kanisani. Niliomba maombi, nikapewa kazi. Wakasema Mungu ananiamsha kwa sababu, basi niongoze kesha ya kila Ijumaa. Niliona fahari, sitadanganya. Nikawa nakunywa chai kali nisisinzie, na kausingizi kadogo kalikobaki nikakafukuza mwenyewe.

Juzi nikasinzia nimesimama. Kazi yangu ni kusaga unga hapa sokoni, na ukanda wa mashine ulinishika sweta. Mteja mmoja alinivuta nyuma kwa nguvu. Sweta ilichanika hadi kwapani, mkono ukapona.

Mkono huo ndio unaolisha watoto wangu wawili.

Daktari wa zahanati aliniambia niache chai ya jioni, niamke saa ileile kila siku, na niache kukesha. Chai niliiacha siku hiyohiyo. Hilo la kesha lilinikaa kooni, maana utamwambiaje mchungaji kwamba umechoka kuomba?

Leo mama mchungaji alipokuwa akipanga zamu, alicheka akasema, "Dada Mwikali hata hatumuulizi. Mungu amemnyima usingizi ndio atuombee."

"Mama, mimi sikuitwa," nikamwambia. "Mimi ni mgonjwa. Ijumaa niko kwa nyumba, nalala."

Mmoja akamnong'oneza mwenzake ati nimerudi nyuma kiimani. Wacha waseme. Neno langu sikulirudisha, na nilivyotembea kwenda nyumbani nilijisikia mwepesi.

Sijui kama kesho usingizi utakuja. Pengine nitatazama mabati hadi jogoo awike. Hata hivyo nitayatazama nikiwa kitandani mwangu, na sitamwomba mtu msamaha.

Mungu hasinzii wala halali. Hiyo zamu yangu naomba aishike mwenyewe.