Kona ya Nyuma ya Kabati

Nyumbani, Ndhiwa,
Homa Bay.
Tarehe 11 Desemba, 2024.

Mpendwa binti yangu Kezia,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa baba mkwe wako, Mzee Job. Hujambo huko Lodwar? Joto linawaachia usingizi? Mumeo Wesley anakula vizuri, au bado anaruka chakula cha mchana kama alivyokuwa akinifanyia mimi? Na mjukuu wangu Lynnet, kile kikohozi kilimwacha? Sisi tu wazima. Goti langu hunisumbua asubuhi, lakini likishaona jua hunitii.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Kwenye simu, mwanangu, mimi nawe tunaishia kwenye salamu. Unaniambia uko salama, nakwambia Mungu ni mwema, halafu unampa Wesley. Kwa hiyo nimeitia barua hii ndani ya kifurushi cha njugu, na Kiswahili changu nakuomba ukivumilie. Kijaluo changu najua hukuchosha, na Kikuria nilicho nacho ni cha kusalimia tu.

Wiki hii tumeanza kuitengeneza nyumba kwa ajili ya Krismasi. Mzee ameyapaka chokaa mawe yote ya njiani, na suruali yake pia. Vitambaa vya viti nimevifua na kuvitia uji mwepesi wa muhogo, nikavianika juani, na sasa vimekakamaa kama wageni wa siku ya kwanza. Wifi yako Dorine yuko nyumbani, chuo kimefunga. Amepuliza maputo kumi na mawili na saba yamepasuka kabla ya chai. Nyoyo ya mahindi na maharagwe inachemka jikoni, nyumba yote inanukia moshi na samadi mbichi, na kusema kweli nilikuwa nimefurahi.

Kisha tukasogeza kabati la vyombo ili tusiribe sakafu ya sebule. Unalijua lile kabati, halisogei ila Krismasi kwa Krismasi. Nyuma yake, chini ya utando wa buibui, nikaikuta kazi ya mikono yako.

Ni ile sakafu uliyoisiriba mwaka jana. Rangi ya kijivu ya majivu mnayochanganya kwenu, na zile nusu duara zako pana, moja ikiilalia nyingine, alama za vidole zinaonekana. Ni kipande kidogo, hata mkeka hauenei hapo. Nilikuwa tayari na udongo mkononi. Dorine akanishika bega. "Mum, wacha hapo. Hiyo mkono ni ya Kezia." Nikakaa chini.

Kezia, wewe unajua na mimi najua. Mwaka jana uliamka kabla yetu sote ukaisiriba sebule yangu vizuri kuliko ninavyoisiriba mimi. Nikaingia, nikajiambia moyoni, akina mama wa kanisa wakija kwa maombi wataona mkono ambao si wangu, na watasema Roselyn amezeeka. Ukaenda kuteka maji. Uliporudi na ndoo kichwani ulinikuta nimepiga magoti, nasiriba upya juu ya kazi yako kabla hata haijakauka. Kona hii tu niliiacha, maana kabati lingeificha. Hukunigombeza. Uliiweka ndoo chini ukasema, "Sawa, Mama." Mlikuwa mkae mpaka Mwaka Mpya, tarehe ishirini na saba mkaondoka.

Mwaka mzima nimejidanganya kwamba ziliwaondoa zamu zako za hospitali. Hazikuwa zamu, ulikuwa wivu wangu. Nilikufuta katika nyumba yangu, tena ukiniangalia. Naona aibu kuyaandika haya hata hapa. Nisamehe, mwanangu.

Nilitaka kurekebisha kimyakimya, kama ilivyo tabia yangu. Nikajaribu kuifuata ile kona, nusu duara kwa nusu duara, ikatoka kama mahali kuku amepekua. Nikafuta. Nikampigia mama yako kule Kehancha kumwuliza majivu ni ya kuni gani na yanachanganywa kiasi gani. Na unajua mimi na yeye tunavyoheshimiana, hata simu tunaipangia siku. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema, "Hayo mimi sikwambii. Muulize mwenyewe."

Basi nakuuliza.

Wesley ameniambia huenda akaja na Lynnet tu, kwamba wewe utakuwa kazini. Siwezi kushindana na hospitali, wagonjwa hawana Krismasi. Lakini kama yuko mwenzako wa kubadilishana naye zamu, na kama kinachokuzuia ni mimi, njoo. Wesley ameahidi pia kwamba Januari analeta saruji. Mzee anafurahi, na goti langu linafurahi kuliko yeye. Ila saruji ikishamwagwa, sitakuwa tena na mahali pa kukurudishia nilichokufutia. Wanasema maji yakimwagika hayazoleki. Sisi wa sakafu za udongo tulikuwa na bahati, tunalowesha tunaanza upya, na sasa nafasi imebaki hii moja.

Kwa hiyo vyumba vya ndani nimevisiriba, sebule nimeiacha. Udongo wa kichuguu uko nyuma ya jiko, nimeufunika kwa gunia na naumwagia maji kila asubuhi usigande. Samadi Mzee ataileta mbichi siku utakayofika. Majivu utachagua mwenyewe, mimi sitatia neno. Akina mama wanakuja kwa maombi tarehe ishirini na nne, na wakiuliza huu ni mkono wa nani, nitawajibu mimi, kwa sauti. Usipoweza kuja sitanuna. Nitawakaribisha kwenye vumbi, na sababu nitawaeleza.

Msalimie Wesley, mwambie yule jogoo mwekundu amenenepa na ameanza kiburi, siku zake anazijua. Mwambie Lynnet nyanya yake amemfichia puto moja ambalo Dorine hajaligundua. Dorine anakusalimu sana. Mzee bado anakuita *nyar Kuria*, binti wa Wakuria, na bado anasema chai yangu haijaifikia yako. Mwaka jana ningekasirika.

Mungu aliyekulinda katika zamu zote za usiku akulinde na katika njia hii ndefu ya kuja kwako. Nimesema kwako, maana hapa ni kwako.

Wako akupendaye,
Mama yako, Roselyn.

N.B. Kabati bado liko katikati ya sebule. Tunalizunguka tukienda kula, na Mzee amejigonga mara mbili. Ameniuliza litarudi ukutani lini. Nimemwambia akuulize wewe.