Nilivyobana Mwanga, Malaria ya Kukhu Ikajificha

Jumatano, jioni. Mvua ya saa nane imeshapita, lami inatoa mvuke, na trela za miwa zimeanza tena kupita hapa Ekero zikielekea kiwandani. Nimeketi saiba, mbele ya kompyuta ya kukodi, nawaandikia. Roho imetulia sasa.

Mchana haikuwa.

Mnaonijua, mnajua hakuna kijana mwenye macho makali kama yangu Kakamega nzima. Shule niliiachia kidato cha pili, sawa, lakini pale kliniki mimi ndiye naosha slaidi, napaka damu rangi na kuiweka kwenye hadubini ili Madam Khavere wa maabara aisome. Kusoma si kazi yangu. Lakini mtu akipewa macho haya, ayafanyie nini?

Leo mgonjwa alikuwa Kukhu, nyanya yangu aliyenilea. Ana homa tangu Jumapili. Aliponiona na koti jeupe alicheka huku anatetemeka.

"Wewe si ulikuwa unatorokanga shule ukale miwa? Leo ndiye utasoma damu yangu?"

"Tulia, Kukhu. Uko kwa bingwa."

Madam alikuwa chumba cha pili akimtoa mtoto damu. Nikadondosha mafuta kwenye slaidi, nikaleta ile lenzi kubwa, halafu nikafanya ujanja wangu. Chini ya slaidi kuna kijiti cha kupanua au kubana tundu la mwanga. Mimi hulibana kabisa. Picha inakuwa kali, kila chembe ya damu ina ukingo mweusi kama imechorwa kwa kalamu. Tamu! Nikatembeza slaidi huku na huku. Sikuona kitu.

Nikatoka nikamwambia Kukhu damu yake ni safi, ni uchovu tu. Akamshukuru Mungu, akajifunga leso, akasema anapitia shambani kwa sababu palizi ya miwa haingoji mtu.

Nilijiona daktari.

Madam akarudi, akainama kwenye hadubini. "Nani amebana hivi?"

"Mimi, Madam. Si inapendeza?"

"Inapendeza, ndiyo. Kuona ni kitu kingine." Akasukuma kijiti, picha ikafifia. "Haya bingwa, angalia tena."

Mahali nilipokuwa nimeona doa la ukungu tu nikalipita, sasa palikuwa na pete nyembamba ya buluu na nukta nyekundu kando yake. Chembe ya pili, pete nyingine. Malaria.

Hakunigombeza. Aliniambia nilete vidole viwili karibu na jicho, nitazame dirisha kupitia katikati yake, nivisogeze pamoja polepole. Kabla havijagusana, mistari myeusi ikatokea kwenye uwazi, mahali pasipo na kitu! Jaribu wewe unayesoma.

"Mwanga ukipita penye wembamba unapinda, unasambaa," akasema. "Vitu viwili vilivyokaribiana vinamwagikiana, wewe unaona kimoja. Lenzi hii ina mdomo mpana wa kukusanya miale inayotoka kando, na mafuta yanaizuia isipotee njiani. Wewe umeinyima miale hiyo kwa kubana tundu. Hata ukuze mara elfu, unakuza ukungu. Na huo ukingo mweusi unaoupenda ni mwanga uliopinda, si damu."

Akaongeza kwamba hata kufungua kabisa si vizuri, picha inaoshwa na mwanga. Unabana kidogo tu. Lakini mimi nilikuwa nimeshafika mlangoni.

Nilikimbia. Nilimpata Kukhu njia ya shambani, ameegemea mkongojo, midomo imekauka.

"Kukhu, rudi. Iko."

"Nini iko?"

"Malaria."

"Na bingwa si alisema hakuna?"

Nikamwambia yote. Kwamba hakuna aliyenituma kusoma. Kwamba nilipenda picha nzuri, nikamrudisha juani akiwa mgonjwa. Nikaanza kueleza habari ya mwanga kupinda.

"Nyamaza," akasema, "unishike mkono."

Tukarudi polepole. Amekunywa dawa ya kwanza, amelala kwa shangazi hapa karibu na kliniki.

Kesho naosha slaidi, basi, mpaka Madam mwenyewe aniite kwenye kiti cha hadubini. Na siku akiniita, mimi ninayependa mambo yang'ae, nitaweza kweli kuamini picha iliyofifia?