Asubuhi Serikali Mpya Ilipopuliza Filimbi

Mukuyuni sokoni,
Barazani kwa duka la nguo.

Kwa mke wangu, Mama Mwendwa,

Kwa heshima kubwa, na baada ya kufuta miwani, nakutangazia rasmi kwamba koti la kaki la Hedimani Kilonzo limestaafu. Limevuliwa vifungo vyake vya shaba mbele ya mashahidi wawili, yaani mimi na cherehani yangu, likavishwa vifungo vyeusi vilivyobaki kwenye suruali ya mwalimu. Koti halikutoa hotuba. Sasa ni koti la raia kama wewe na mimi.

Tangazo limekwisha. Hujambo, mama? Mwendwa hajambo? Kifua cha mama yangu kimepoa, au bado anakohoa na kukataa dawa akisema ni vumbi tu? Na yule ng'ombe wetu wa madoa, amezaa au bado anatudanganya na tumbo? Mimi niko mzima. Nimekonda kidogo, lakini usihangaike, palikuwa na pa kukonda.

Barua yako nimeisoma mara nyingi mpaka ikaanza kukatika kwenye mikunjo. Umeniuliza mambo mawili. Kwanza, hii serikali yetu mpya iko namna gani, maana sisi wa huku ati tuko karibu na barabara na redio. Pili, kama ni kweli alivyokuja kusema kaka yako muuza mbuzi, kwamba mimi nimekuwa hedimani wa Mukuyuni na napulizia watu filimbi. Tena ukaongeza, "Mtu ambaye hapa nyumbani hata kuku hawamsikii." Sitabishana. Lakini jogoo yule ni mkaidi kwa kila mtu.

Shemeji aliondoka na habari nusu. Nitakupa nzima.

Unajua huku ni milima, si kama kwetu Kitui, huko Migwani. Shamba la mtu liko juu ya paa la mwingine. Wakati wa Mzungu kila Jumanne na Alhamisi, jua likichomoza, Kilonzo, mkubwa wa kijiji aliyewekwa na serikali, alisimama kwenye mwamba ulio juu ya mashamba na koti lake la kaki akapuliza filimbi, na sote tulitoka na majembe kuchimba mitaro ya kuzuia maji. Asiyetoka alitozwa faini. Hata mimi mgeni, mtu wa sindano, nilichimba. Mikono yangu ikawa haiwezi kutunga uzi mpaka jioni. Tuliichukia ile filimbi kuliko jino bovu.

Basi tukapiga kura. Tukaimba, tukacheza, nikashona mashati mpaka mguu ukavimba. Na filimbi ikanyamaza. Hakuna aliyetangaza kwamba kazi imekwisha, hakuna aliyesema inaendelea. Ilinyamaza tu.

Sasa kicheko ni hiki. Jumanne ya kwanza watu waliamka kama kawaida! Mwili umezoea. Wakaosha uso, wakachukua majembe, wakaja kukaa hapa barazani kwangu kusikiliza. Musau mchinjaji, ambaye shamba lake ndilo la juu kabisa, alikaa karibu na cherehani akatega sikio kuelekea mwambani.

"Serikali imechelewa leo," akasema.

"Haijachelewa," nikamwambia. "Imetuheshimu."

"Serikali ya kunyamaza namna hii, mimi sijawahi kuiona. Ya Mzungu ulijua iko wapi. Iko mdomoni kwa Kilonzo."

"Hii ni kama mkwe aliyefika jana," mwingine akadakia. "Bado anaangalia nyumba."

Tukacheka, tukarudi nyumbani. Alhamisi tukakaa tena. Jumanne nyingine tena. Mama Mwendwa, sijawahi kuona watu wakingoja kwa hamu jambo wanalolichukia. Si kwamba tulitaka kuchimba, hapana. Tulitaka kujua. Serikali tuliyoipigia kura kwa mkono wetu itafanya nini? Itasema kwa sauti gani? Musau alikuwa na hakika itatuma trakta. Mimi, kwa elimu yangu yote ya redio ya dukani, nilisema itatuma barua.

Mtu mmoja tu hakuja kucheka. Ni Mama Ndunge, mjane mwenye chumba ninachokaa. Shamba lake ndilo la chini kabisa. Mtaro wowote ukipasuka huko juu, maji yanamwangukia yeye. Alikuwa akipita na kiondo chake, anasimama.

"Mmesikia chochote?"

"Bado, mwaitu," tunamjibu, kama watoto kwa mama yao.

"Na mitaro?"

"Iko, mwaitu."

"Najua iko. Imejaa mchanga."

Halafu anaenda zake.

Mjumbe wetu mpya alipokuja kutushukuru kwa kura, alipanda juu ya lori akasema maneno matamu sana. "Serikali ni nyinyi!" Tukapiga makofi. Mama Ndunge akainua mkono. Akauliza, "Mjumbe, sasa mitaro atachimba nani?" Naye akajibu kwa furaha, "Mama, siku za kulazimishwa zimekwisha!" Tukapiga makofi mpaka vumbi likapanda. Nilikuwa nimesimama kando ya mama yule. Hakupiga. Alikuwa ameshika kiondo kwa mikono miwili.

Lori lilipoondoka Musau akaniuliza, "Fundi, kama serikali ni sisi, tukikasirika tutamlalamikia nani?" Nikamwambia nitafikiri. Bado nafikiri.

Siku chache baadaye Kilonzo mwenyewe akaja na lile koti limekunjwa ndani ya gunia, kama mtu aliyebeba nyama ya wizi. Sikuwahi kumwona na shati tupu. Kumbe ana mabega membamba kama yangu!

"Fundi, nitolee hivi vifungo vya serikali. Weka vya watu."

"Umefukuzwa kazi?"

"Sijui." Akaangalia huku na huku. "Mshahara umekuja. Amri haijaja. Nikipuliza, watasema mimi ni mtu wa Mzungu. Nisipopuliza, labda kesho nitaulizwa kwa nini sikupuliza. Nipatie koti ambalo halisemi kitu."

Nikamhurumia, mimi ambaye aliwahi kunitoza faini siku niliyoshindwa kutoka kwa malaria.

Halafu mvua ikaja. Ilianza mchana, watu wakashangilia. Baada ya muda mtaro wa juu, ule wa Musau, ukashindwa kubeba, ukapasuka. Ukavunja wa pili, wa pili ukavunja wa tatu, na maji yote, mekundu kama damu ya ng'ombe, yakashuka kwa Mama Ndunge. Pembe nzima ya shamba ikaenda, na mbaazi zake zikaenda zimesimama. Maji yakaingia chini ya mlango wangu, yakalowesha kitambaa cha suruali ya pasta.

Mvua ilipokatika nilimkuta amesimama matopeni. Hakulia. Alinionyesha tu kwa kidole mahali udongo ulipokwenda na mawe ya chini yakatokeza.

"Mwanangu, ikija ya pili nitalima wapi?"

Nikapanda hadi buchani. "Musau, mtaro wako umepasuka."

"Nimeona."

"Sasa?"

"Nangoja."

"Unangoja nini?"

"Serikali iseme."

"Si Mjumbe alisema serikali ni wewe?"

Akaacha kupasua mfupa, akafikiri kwa uaminifu kabisa. "Basi nangoja mimi niseme."

Usimcheke. Kila niliyemwendea alinijibu hivyo, kila mmoja na maneno yake. Hakuna aliyekuwa mbaya. Walikuwa na hofu kwamba wakichimba bila kuambiwa, watakuwa wamemrudisha Mzungu kwa mikono yao wenyewe.

Jioni hiyo nikaanza kukata vifungo vya Kilonzo. Ndani ya mfuko wa kifua nikagusa kitu baridi. Filimbi! Na kamba yake. Mama Ndunge alikuwa amekaa kizingitini pa chumba changu, akaiona. Kesho yake ilikuwa Alhamisi.

Jua lilipochomoza, filimbi ililia.

Nakuambia, mke wangu, kijiji kizima kilitoka kama siafu. Musau, aliyeapa hatachimba tena mpaka afe, alifika wa pili, aproni ya buchani ingali kiunoni. Na wa kwanza unajua ni nani? Kilonzo! Shati limefungwa kombo, jembe begani. Miaka yote alipuliza. Siku moja aliyosikia, naye akakimbia.

"Imefika!" Musau akapaza sauti. "Serikali imefika!" Wala sikuweza kujua kama amekasirika au amefurahi. Nadhani hata yeye hakujua.

Watu wakaenda moja kwa moja mtaro wa juu wakaanza kuchimba, bila kuuliza. Jua lilipokuwa limepanda ndipo Kilonzo akasimama ghafla.

"Sauti ile ni ya filimbi yangu."

Wote wakaniangalia, maana koti linajulikana liko kwangu. Na filimbi ilikuwa mkononi mwangu.

"Fundi!" Musau akasema. "Wewe ulichaguliwa na nani?"

Nilitikisa kichwa namna ile ya watu wakubwa, isiyo ndiyo wala siyo.

"Mtu wa Kitui atutawale?" mwingine akauliza, na watu wakaanguka kicheko. Nilidhani watatupa majembe. Musau akatazama bonde, akatazama shimo lililokuwa shamba la Mama Ndunge chini kule.

"Tumeshachafuka," akasema. "Tumalize."

Wanawake wakaanza wimbo, ule wa kusaidiana, si ule tuliokuwa tukinung'unika wakati wa faini. Adhuhuri Mama Ndunge akatuletea sufuria kubwa ya isyo, mahindi na maharagwe, tukala tumekaa juu ya udongo mbichi. Kilonzo akasema kwa mdomo uliojaa kwamba katika kazi yake yote hakuna aliyewahi kumpa chakula mtaroni. Akaongezwa.

Mvua ya pili ilikuja wiki ile ile, kali kuliko ya kwanza. Mama Ndunge alizunguka shambani na gunia kichwani, anakagua mtaro mmoja mmoja. Maji yalikaa ndani yakatulia kama uji kwenye kibuyu. Pembe iliyokwenda haitarudi, lakini amepanda upya penye udongo.

Ndiyo habari ya serikali mpya. Kama unataka maoni yangu, bado sijayapata. Naiangalia kama ndama aliyezaliwa juzi: ana miguu, ana macho, pembe sijaziona. Lakini lile korongo nyuma ya jikoni yetu usiliache likingoja. Waite wale wanawake wenzako wa kanisani, pika isyo.

Nisalimie mama, mwambie nimeokota mizizi ya kifua nitaituma na shemeji. Nisalimie kaka yangu mkubwa na mkewe, na yule jirani wetu mwashi aliyenijengea ukuta uliopinda. Mwendwa umwambie gauni la shule liko tayari, limebaki pindo. Kaka yako muuza mbuzi msalimie kwa sauti ya chini.

Sasa ukweli, maana nikikuficha wewe utaujua tu.

Asubuhi ile nilisimama mwambani, nimevaa lile koti la Kilonzo, ambalo nililivua kabla watu hawajafika, nikaweka filimbi mdomoni. Niliwaza jinsi utakavyosikia habari zangu. Nikapuliza. Yakatoka mate na nyuzi za mfukoni. Nikapuliza tena, ikatoka sauti kama mwanambuzi aliyepiga chafya. Mama Ndunge akaninyang'anya, akaigonga kwenye mpini wa jembe, akaifuta kwa leso, akapuliza mpaka mbwa wa sokoni wakalia. Halafu akanirudishia mkononi.

"Shika wewe," akasema. "Wakijua ni mimi ninayelilia shamba langu, watarudi kulala."

Akainama, akaanza kuchimba mtaro wa juu, na watu wakafika.

Kwa hiyo sikuwa hedimani hata dakika moja. Nilikuwa kigingi cha kutundikia filimbi, na nilinyamaza, kwanza kwa sababu aliniomba, pili kwa sababu nilifurahia. Kilonzo alipokuja kuchukua koti alipapasa mfuko wa kifua. Ulikuwa mtupu. Akaniangalia, akaangalia moshi wa jikoni kwa Mama Ndunge, akasema, "Huu mfuko ushone, sina kitu cha kuweka."

Jumanne iliyopita filimbi ililia tena. Musau alikuja mbio barazani kwangu na jembe lake, akasimama, akaniangalia mdomoni.

Nilikuwa nakunywa chai.

Akageuza kichwa polepole kuelekea kule chini kwa Mama Ndunge. Nikaweka kikombe chini, tukashuka pamoja.

Ni mimi mume wako, raia,
Mwangangi, fundi cherehani.