Mteja wa Mvua

Mwenzangu, nimejificha nyuma ya rundo la tairi. Usinipigie, we soma tu.

Asubuhi bosi kaniambia nisipouza leo nisirudi kesho. Mvua ikaanza, akaingia mzee mmoja, koti safi, anaulizia tairi. Nikasema moyoni, Mungu si Athumani!

Nikamwaga sera. Kama ni pikapu ya shamba chukua Faru, ina meno, haiogopi tope. Kama ni gari dogo la lami chukua Radi, haina kelele, na breki inashika hata kwenye maji.

"Na mlimani, ukiwa na mzigo?"

Mwenzangu, hilo si swali la mtu mwenye hela? Nikampa kiti. Nikampa chai YANGU.

Mvua ikakatika, akasimama. Nikamuuliza, "Sasa baba, gari lako ni gani?"

"Gari? Sina gari, mwanangu. Nilikuwa najikinga mvua."

ANAJIKINGA MVUA! Na chai kamaliza!

Bosi kasikia yote. Ndiyo maana nimejificha huku.

Sasa imeanza kunyesha tena. Mzee huyo mlangoni, kaja na mkewe. "Ngoja umsikie huyo binti akieleza habari za tope."

Mke kashika kikombe.